Njugu Zilizotundikwa Juu ya Moto

Mama,

Niko jikoni kwako hapa Koboko, nakuandikia juu ya goti, maana meza yako mama mdogo aliichukua na sikuwa na moyo wa kumkatalia. Mvua imenifungia ndani tangu asubuhi. Mke wangu amebaki Arua, kule Ediofe, pamoja na watoto na shule zao, na gereji ya pikipiki nimemwachia mwenzangu. Juzi mke alinipigia simu akasema nimeoa njugu. Nilicheka, kisha simu ilipokatika nikaongeza kuni motoni. Siku tatu sasa sijaongea na mtu ana kwa ana.

Nina jambo la kukuambia na nimelikwepa tangu tukuzike. Ni la njugumawe zako, zile nyeupe zenye jicho jeusi, ulizopewa na mama yako, ambazo sokoni siku hizi hazionekani.

Siku ya tatu ya matanga chakula kilipungua. Watu walikuwa wengi, Mama, ungefurahi. Wengine walitoka hadi Kuluva. Wapishi wakanijia mimi, mwanao, sasa mwenye nyumba. Nikaingia humu nikaanza kutoa kila kitu: mihogo, maharage, unga. Mpishi mmoja akainua macho kwenye gunia lililoning'inia juu ya mafiga, jeusi kwa moshi. Akauliza, "Hii pia?" Nikajibu, "Hii pia." Nilidhani ulilisahau. Hata nilijiona mkubwa kidogo, kwamba watu watashiba kwa mkono wangu.

Ukweli ni kwamba nilijua, au niliwahi kujua. Nikiwa mtoto nilinyoosha mkono kwenye gunia kama lile ukanichapa vidole kwa mwiko, ukasema kwa Kiswahili kile Baba alichotuletea kutoka jeshini: "Wacha. Hii iko ya mwaka inakuja." Miaka thelathini ya mjini ikanitoa hilo kichwani. Wapishi nao walijua vizuri kwamba kinachotundikwa juu ya moto ni mbegu. Lakini nani atamkatalia mfiwa nyumbani kwake? Waliangaliana kidogo, kisha wakaenda kuteka maji.

Nilielewa mvua za kwanza zilipofika. Nilikuwa nimekuja kusafisha kaburi. Mzee Wani wa ng'ambo ya kijito, ambaye hakuja msibani kwa sababu ya mguu wake, akaingia na bakuli kuomba mbegu, kwa kuwa zake zililiwa na panya. Najua ulikuwa unampa konzi mbili, naye anarudisha nne akivuna. Alitazama juu akaona kamba tupu. Alinipa pole, pole ileile ya msiba, akaondoka. Siku hiyo nililia kuliko siku ya kukuzika.

Nikazunguka nyumba zote ulizowahi kugawia. Wengine wameacha, wanapanda karanga nyekundu zinazokomaa upesi. Wengine wamechanganya na za rangi nyingine mpaka lile jicho limepotea. Mke wa mwenye kinu aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba zake alizipika zote mwaka juzi kwa kuwa alijua wewe upo. Wote walijua wewe upo.

Aliyekuwa nazo ni Mama Kiden, yule mkimbizi wa Sudan Kusini uliyempa konzi moja alipofika kambini. Anazilima nyuma ya nyumba, mahali ambapo mkeka wa watu wanne ungepafunika. Nilianza kujieleza akanikatiza. "Mimi nilikula ile siku. Nilijua iko mbegu. Lakini mutoto anakaribisha watu, mimi nakataa namna gani?" Mgao wao wa chakula umepunguzwa, Mama, na bado hakuzigusa. Alikuwa ananingoja. Akanifungia konzi mbili kwenye kipande cha kitenge, akabaki na moja.

Nilikaribia kuziua hizo nazo. Nilipalilia kwa kuondoa udongo kwenye mashina, maua yakabaki wazi, nami najivunia shamba safi. Mama Kiden alikuja kwa miguu kuniangalia, akashika kichwa. "Funika yeye. Hii inazaa chini." Tukafukia pamoja mpaka saa sita, yeye akininong'onea lawama na mimi nikizipokea. Sehemu kubwa ilikuwa imeshaharibika.

Nimevuna. Zimekauka, na ziko kwenye mfuko mdogo juu ya moto ninaoukoka kila siku hata nikiwa sina cha kupika. Nikimrudishia Mama Kiden na kumpa Mzee Wani, zitakazobaki ni chache kuliko nilizopanda. Nitapanda tena. Jioni hapa ni ndefu, Mama. Sikujua ulikuwa unakaa peke yako kiasi hiki.

Lakini nililokuwa nalikwepa ni hili. Siku ile ya tatu nami nilikaa chini nikala. Sahani mbili. Zilikuwa laini, zina moshi kidogo, tamu mpaka nikamsifu mpishi. Nilikula nikibishana na shemeji juu ya matairi. Kilikuwa chakula cha mwisho kutoka mkononi mwako, na sikunyamaza hata mara moja nikionje.

Basi nakuaga, Mama. Pumzika. Na nakuahidi: sitazila tena mpaka ziwe kwenye nyumba nyingi kiasi kwamba mjinga mmoja hawezi kuzimaliza kwa siku moja.

Mwanao