Nafasi ya Bawaba

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na Mjomba na mgongo wake. Mimi sijambo, ila vidole vinauma. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe una kumi.

Uliniuliza kazi yenyewe ikoje. Kiwanda kinatengeneza makabati. Kabati linakuja kwenye mkanda, mimi nakaza bawaba ya juu, mlango wa kushoto. Ya chini anayo mwenzangu. Linapita, linakuja jingine. Tangu nifike hapa sijashika ubao ambao haujakatwa.

Kila Jumatatu tunasimamishwa uani, na meneja tunayemwita Bwana Mkakati anatupa mafunzo ya kampuni kubwa za dunia. Juzi alisema mtu mmoja akijua kila kitu, kampuni iko mfukoni mwake. Akiumwa, yote yanasimama. Wiki hiyohiyo wakamwondoa fundi mzee aliyeweza kujenga kabati zima peke yake. Walimpa saa ya ukutani na makofi. Kazi yake wamegawiwa watu sita, na hakuna hata mmoja wao anayejua kabati linasimamaje.

Mkataba wangu unaisha Desemba, nami nataka kurudi karakanani kwetu. Meza yangu ya kazi iache palepale dirishani. Usikubali mtu aigeuze ya kuwekea makopo ya rangi.

Mdogo wako,
Kitindamimba


4 Machi

Kitindamimba wangu,

Salamu zimefika, na sisi wazima isipokuwa Mjomba. Mgongo umemlaza, na yeye akilala karakana nzima inalala. Mafundi wetu watatu wanamfuata kitandani kumuuliza vipimo. Yule mshonaji jirani alikuja kudai kabati lake, akaniuliza kama nalo linaumwa mgongo.

Ndipo ikaja barua yako. Wewe umeandika malalamiko, mimi nimepata darasa. Huyo Bwana Mkakati wenu watu wanalipa kumsikiliza, wewe unamsikiliza bure kisha unanuna. Niandikie kila anachosema, usipunguze kitu. Baba alituachia karakana, hakutuachia namna ya kuikuza.

Meza yako ipo. Ina vumbi tu.

Dada yako


22 Aprili

Dada,

Hujambo na wanao? Mjomba ameinuka? Mimi nipo, nasukuma siku.

Sijui kama nafanya vizuri, lakini umeniomba. Anasema chagua kitu kimoja ufanye hicho tu. Kuna kampuni kubwa, anasema, ilikuwa inauza kila kitu mpaka ikakaribia kuzama. Ikaacha vyote, ikabaki na kimoja, ikapona. Halafu kuna mtaji uliolala. Mashine isiyofanya kazi, chumba kitupu, mbao zinazongoja mnunuzi, hiyo yote ni fedha iliyolala: iamshe au iondoe. Aliposema hivyo alitutazama sisi, nasi tukanyoosha migongo.

Nakiri imenipendeza kuulizwa. Hapa hakuna anayeniuliza kitu.

Ila nikuambie jambo. Jumapili niliokota vipande vya mbao nikatengeneza kigoda cha kukalia bwenini, cha miguu minne. Kikayumba. Nikapunguza mguu mmoja, kikayumbia upande wa pili. Nikapunguza na huo. Wenzangu wakasema nikiendelea hivyo nitapata sinia. Nilicheka nao, lakini nilipolala niliogopa. Mimi ndiye niliyekuwa natengeneza vitanda vya maharusi, Dada. Mikono inasahau.

Desemba naona iko mbali.

Mdogo wako,
Kitindamimba


18 Juni

Kitindamimba,

U hali gani huko? Samahani kwa kuchelewa, ningekuwa na mikono minne ningekuandikia kwa mmoja.

Tumeacha vitanda, meza na viti. Sasa ni makabati tu, na kila fundi ana kazi yake: mmoja anakata, mmoja anaunga, mmoja anafunga bawaba na milango. Hoteli moja imekuja kuona, na imeagiza makabati ya vyumba vyake vyote. Vyote, mdogo wangu. Baba angekuwepo angekaa chini.

Mjomba hayupo tena karakanani. Hakugomba. Nilimweleza habari ya kampuni kuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Akasimama, akageuza mifuko yake nje, ikamwagika unga wa mbao. Kisha akafunga randa zake kwenye gunia. Tulimpigia makofi, kama ulivyosema.

Meza yako ilikuwa imelala, nimeiamsha. Usinune, nitakueleza.

Dada yako
(siku hizi wananiita Meneja, nawe ukipenda)


6 Agosti

Dada,

Salamu kwako na kwa wanao. Afya yangu si ya kulalamikia.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikatafuta pa kukaa. Nilipokuandikia habari ya yule fundi mzee nilikuwa nalia. Sikukuambia ufanye. Mjomba ndiye aliyetufundisha kushika msumeno mimi na wewe, na wewe umemtoa kwa maneno ya mtu asiyejua patasi inakula upande gani.

Sasa nisikilize. Mkataba wa hapa una mtego wake. Anayetaka kuondoka Desemba lazima aandike kabla ya mwisho wa Septemba. Asipoandika, unajirefusha wenyewe miaka miwili. Wakati wa kutia saini niliona ni jambo zuri, kazi isiyokatika.

Siwezi kuandika kabla sijajua nina pa kufikia. Nilimwendea fundi mmoja mjini hapa kuomba kazi, akaniuliza najua nini. Nikasema bawaba. Akasema, "Na nini?" Nikasema ya juu. Alinicheka bila ubaya, akanipa maji ya kunywa.

Kwa hiyo niambie: meza yangu iko wapi? Mjomba yuko wapi? Nikija, nakuja kufanya nini? Nijibu kabla Septemba haijaisha.

Mdogo wako


29 Septemba

Dada,

Mzima? Sijapata jibu. Simu yako inapokelewa na msichana anayesema Meneja yuko na wageni. Nilimwambia mimi ni mdogo wake, akaniuliza kampuni gani.

Karani wa hapa ameniwekea karatasi ya kuondoka. Nilishika kalamu, nikairudisha. Kesho ofisi inafungwa jioni. Nitapitia tena langoni kuuliza kama kuna barua.

Mdogo wako


20 Oktoba

Kitindamimba, mdogo wangu,

Najua umekasirika, na hata salamu naona aibu kukutumia. Barua zako zote mbili nimezifungua leo. Zilikuwa chini ya karatasi za hoteli.

Mambo yameniziba pumzi. Yule wa bawaba ameacha kazi. Asubuhi moja hakuonekana tu. Wa kukata hajui kufunga mlango, wa kuunga hataki kujaribu, anasema si kazi yake, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba si kazi yake. Zamani Mjomba akiumwa tulisimama. Sasa yeyote kati ya watatu akipiga chafya, tunasimama. Makabati yamejaa uani yote hayana milango, kuku wanatagia humo. Watu wa hoteli wanakuja kila wiki, wanatazama, wanaondoka. Siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi kwenye vitanda. Wateja wa vitanda wameshahama.

Nilimwendea Mjomba. Alinikaribisha chai, akaniuliza hali ya watoto mmoja mmoja, akanisindikiza hadi barabarani. Habari ya bawaba hakuigusa, na mimi mdomo ulikuwa mzito.

Meza yako nilimpa yeye siku aliyoondoka, badala ya saa ya ukutani. Ameibana kwenye chumba chake, analala upande mmoja na meza upande mwingine.

Basi njoo. Unauliza unakuja kufanya nini? Nafasi ya bawaba iko wazi, ni yako. Wala hutajifunza upya, unaanza siku hiyohiyo.

Dada yako


12 Novemba

Dada yangu,

Hujambo wewe na wanao? Mimi mzima. Hasira ilikuwepo, imechoka, imelala.

Barua yako ilikuta mkataba umeshajirefusha. Jioni ile nilipita langoni, hakukuwa na kitu, nikasimama nje ya ofisi mpaka karani akafunga. Kwa hiyo ni miaka miwili. Bwana Mkakati alitupongeza kwa uaminifu.

Lakini hata ningekuwa huru nisingekuja kwenye nafasi hiyo. Ningesafiri mwendo wote huu kutoka bawaba ya kabati kwenda bawaba ya kabati.

Rudi kwa Mjomba. Safari hii usinywe chai kwanza. Mwambie umeshindwa, kwa neno hilohilo, na umwombe aje awafundishe wale wawili kabati zima, tangu ubao hadi mlango. Akikubali, mpe ua wote, mpe dirisha, mpe na ufunguo. Ukiona mdomo mzito, kumbuka kuku.

Na umwombe kitu kimoja kwa ajili yangu: asiitoe ile meza. Nitahitaji kuanza mwanzo, na nitakuwa mzee kidogo kwa kuanza.

Jumapili nilitengeneza kigoda kingine. Mara hii cha miguu mitatu, kama kile Mjomba alichotuanzishia tulipokuwa wadogo, siku ile chako kikawa kizuri nawe ukakaa nacho mlangoni watu wakione. Changu hiki miguu haikulingana, kimeinamia kushoto. Ila hakiyumbi. Nimekikalia kukuandikia.

Mdogo wako,
Kitindamimba