Usiniite Tata

Birongo, 14 Agosti 2022

Mose uliyefumba macho,

Hujambo, ndugu yangu? Abigael na watoto hawajambo? Sisi huku tuko salama. Mvua imekubali, chai inachipuka, ila mgongo wangu bado unalia nikiinama.

Usikasirike kwa salamu hiyo. Miaka thelathini na kitu imepita tangu tuingie jandoni pamoja, na bado sijakusamehe kwa kufumba macho kisu kilipokuja. Aliyekushika aliapa hakuona. Mimi niliona, maana nilikuwa ninayefuata, nakutazama nipate moyo!

Naandika kama zamani kwa sababu simu siiwezi. Nikiongea nawe pale kibandani kwangu, soko la Daraja Mbili, wauza mitumba wote hunyamaza kusikiliza. Habari ni hii: Ratemo amepata chuo huko kwenu Minesota, na viza imetoka.

Unajua ndiye mtoto pekee tuliyejaliwa mimi na Nyakerario. Ni mwerevu, ana mdomo, na neno hapana halipendi. Hapa nyumbani kinachomtuliza ni kimoja tu, mimi kukohoa. Nikikohoa anajua mzaha umekwisha. Mwana wa rika lako ni mwanao pia, na kwetu baba na mwana hawataniani. Ndiyo chinsoni, natumaini baridi haijakusahaulisha. Basi nakukabidhi ukohoe badala yangu. Atakuita tata, kama anavyoniita mimi baba yake.

Ndugu yako wa jando,
Onsongo

*

Minesota, 3 Novemba 2022

Onsongo uliyekunywa uji wa wenzako jandoni,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Mgongo vipi? Nyakerario je? Sisi wazima. Kijana amefika, tumempa chumba cha chini, na Abigael anampikia mpaka namwonea wivu.

Nikuchekeshe. Wiki ya kwanza alinifuata kazini, pale tunapoegesha magari ya kubebea wagonjwa, akaniita tata mbele ya madereva wenzangu, Weusi wa huku. Wakauliza, "Una mtoto mkubwa hivyo?" Ghafla nikajiona mzee wa mkongojo. Tukiwa njiani nikamwambia, "Usiniite tata, huku hakuna mambo hayo. Niite bro."

Sasa naitwa bro, na akiwa na furaha ananiita "my nigga". Usishtuke. Lilikuwa tusi la waliowafanya Weusi wa huku watumwa. Wenyewe wakalichukua, wakaligeuza, wakalifanya salamu. Mzungu akilitamka ni vita, lakini Mweusi kwa Mweusi ni upendo, kama wewe unavyonisalimu kwa macho yangu.

Tunacheka sana. Jumapili tunatazama mpira na rafiki zake, nami nawasimulia tulivyokuwa. Sijawahi kujisikia kijana hivi.

Ndugu yako wa jando,
Mose

*

Birongo, 8 Januari 2023

Mose uliyefumba macho,

Mwaka mpya uwe na heri kwako na kwa Abigael. Sisi tumeuvuka vizuri. Mgongo asante, umetulia.

Barua yako imeninyima usingizi. Weusi wa huko siwezi kuwafundisha juu ya neno walilotukanwa nalo babu zao. Wamelilia wenyewe, walifanye watakavyo. Lakini Ratemo amelilia lini? Amelikuta kwenye nyimbo akalivaa, na wewe unamsaidia kufunga vifungo.

Hapa sokoni vijana wa boda huniita mkubwa, bosi, mzae, siku nyingine buda. Sikasiriki, kwa kuwa sikupewa niwalee. Huyu umepewa. Na mimi na wewe, ni kweli tunatukanana. Lakini je, umewahi kunisikia nikikuita jina lako hilo mbele ya mwanangu? Tukiwa wawili nakutukana nikashiba. Mtoto akiingia, wewe ni Mose Onyancha, mwanamume kamili. Tusi la marika ni kama nguo ya ndani, huanikwa nyuma ya nyumba.

Sikiliza, ndugu yangu. Ipo siku utataka kumkataza jambo. Utamkataza kwa mdomo gani? Mwambie arudi kwenye tata. Mtaoneana haya wiki moja, kisha mtazoea.

Ndugu yako wa jando,
Onsongo

*

Minesota, 20 Februari 2023

Onsongo mnywa uji,

Hamjambo huko? Huku hatujambo, ila umezeeka kabla ya wakati! Heshima iko moyoni, haiko kwenye jina. Nilijaribu ulivyosema. Nilimwita mezani nikamwambia aniite tata. Akacheka, Abigael akacheka, nami nikashindwa kujizuia. Mitihani amefaulu. Wewe angalia ng'ombe zako.

Mose

*

Birongo, 17 Septemba 2023

Ndugu yangu Mose,

Salamu kwenu nyote. Barua zangu mbili hukuzijibu, nami najiambia ni kazi nyingi.

Orpah, jirani yetu, ana mpwa wake huko. Amemwambia Nyakerario kwamba Ratemo anakunywa na chuoni haonekani. Ratemo hampigii mama yake simu tena. Nyakerario alimwombea kanisani Nyanchwa, kisha akakaa nje peke yake mpaka watu wakaisha. Ni kweli? Kama ni kweli, mkataze. Mwambie ni mimi nimesema, na ni wewe umesema.

Nasubiri.

Ndugu yako,
Onsongo

*

Minesota, 11 Februari 2024

Onsongo, ndugu yangu,

Sijui niulize hali zenu vipi. Poleni. Pole wewe, pole Nyakerario. Habari mliipata kwa mchungaji wenu kwa sababu mimi sauti ilinikataa. Lakini mchungaji hakujua yote.

Ilikuwa Jumapili mchana. Walikuwa wanne sebuleni, wamekunywa tangu asubuhi, na nje barabara ilikuwa barafu tupu. Ratemo akachukua ufunguo wa gari. Nikasimama mlangoni.

"Hapana," nikamwambia. "Leo huendeshi."

"Zi, bro, niko sawa. Sonja hapo nipite."

"Ratemo, nimesema hapana."

Akanipiga begani kwa mapenzi, kama kawaida yetu. "My nigga, hebu acha kujifanya mbuyu wangu, mbuyu wangu yuko Birongo. Si ulifumba macho wewe? Ndiyo utanizuia?"

Ndiyo, nilikuwa nimemsimulia. Jumapili moja, kwa kutafuta kicheko, nilimpa mwanao kisu changu na macho yangu. Wenzake hawakujua ni hadithi gani ila walicheka. Nilikohoa, Onsongo. Nilikohoa kweli. Akaniuliza kama nina mafua.

Nikaona aibu. Nami nikacheka ili aibu ipite, na nikicheka nikasogea. Hakufika mbali. Wale wenzake wamepona.

Najuta. Nakula majuto asubuhi na jioni. Nguvu nilikuwa nazo za kumshika. Kilichoniishia ni neno, nalo nililitupa mwenyewe nikijiona kijana.

Mwili utafika Nairobi Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili. Nitakuja nao. Naomba nisimame pale pamoja na baba zake. Barua hii naipiga picha na kuituma kwa simu ya mchungaji iwahi; nijibu kwa njia hiyo hiyo, hata kwa mstari mmoja.

Mose

*

Birongo, 16 Februari 2024

Bwana Moses Onyancha,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini wewe na familia hamjambo. Sisi tunaendelea.

Barua yako nimeipata na nimemsomea Nyakerario mpaka mwisho. Tunakushukuru kwa kumlaza na kumlisha mwanetu muda wote huo, na kwa kutuambia ukweli. Sina hasira nawe. Nimeitafuta, sikuipata. Mimi pia najuta. Ningepiga simu nikapaza sauti, soko zima lisikie, labda naye angesikia.

Mazishi ni Jumatatu tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi, hapa nyumbani. Barabara ya kwetu imeharibika, kwa hiyo acheni gari Birongo sokoni mje kwa miguu. Karibu na jeneza watakaa baba zake, yaani ndugu zangu na marika yetu waliobaki hapa. Wewe tumekuwekea kiti chini ya turubai kubwa, upande wa wageni waliotoka mbali. Kama Abigael atakuja, kipo cha pili. Orpah atawapokea langoni awaonyeshe.

Chakula kitakuwepo. Tafadhali msiondoke kabla ya kula.

Wako,
Baba Ratemo