Shangazi, Nimefundisha Nikiwa Nimelala

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia kutoka Juba, nikiwa kwenye kibanda cha matete nyuma ya nyumba, hiki ambacho watu wa hapa wanakiita rakuba. Kalamu nimeiviringishia kitambaa ili iwe nene, kwa sababu vidole vyangu siku hizi huchelewa kuamka. Mimi naamka saa kumi na mbili, vyenyewe vinaamka karibu saa mbili. Ndiyo maana nimengoja chai iishe ndipo nikaanza barua hii.

Ulifia ukimbizini Kitale, Shangazi, kabla hatujarudi nyumbani. Hukuiona tena Juba uliyokuwa ukinisimulia, wala hukuniona nikiwa mwalimu mwenye darasa lake. Kuna mambo mawili nataka uyajue. La kwanza ni la aibu, nalo limekaa kifuani mwangu miaka arobaini. La pili ni ushindi. Naanza na la aibu ili nilimalize.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wewe ulikuwa ukifulia watu nguo, karai baada ya karai, tangu alfajiri. Mchana baada ya kula ulikuwa unatandika godoro pale sebuleni na kulala, huku umeyafunga magoti yako kwa kanga. Siku hiyo nilikuja na wasichana watatu wa shule. Niliona haya kwa ajili yako. Nikawaambia kwa sauti, pale pale mlangoni, "Msimjali. Shangazi yangu ni mvivu, kazi yake kulala."

Ulisikia. Ulikaa, ukavaa ndala moja, ukapumzika, ukavaa ya pili. Ukawasha jiko. "Karibuni, watoto," ukasema. "Keji, leta vikombe." Ukatupikia chai ya maziwa, wageni wangu wakanywa na kushukuru, na hukunigusia jambo hilo jioni ile wala mwaka ule. Hata ningeweza kujidanganya kwamba ulikuwa usingizini. Lakini siku naondoka kwenda chuo cha ualimu, ukipanga shuka zangu kwenye sanduku, uliniambia bila kuniangalia, "Huko ukichoka, ulale. Usingoje mtu akupe ruhusa."

Nilikuitikia tu "ndiyo, Shangazi", kwa haraka ya mtu anayewahi basi.

Sasa nikuambie yaliyonipata. Tuliporudi nilipata kazi kwenye shule ya msingi huku mtaa wa Malakia. Asubuhi nilifundisha darasa la tatu, alasiri nikawafundisha kinamama wa sokoni kusoma na kuandika. Walikuwa tisa. Wengine wenyeji, wengine Waganda waliokuja kufanya biashara, na mmoja wao, Mama Rebeka, muuza chapati kutoka Arua, alikuwa akija na unga bado uko kwenye viwiko. Nilikuwa na nguvu za punda wakati huo. Nilitembea kwenda na kurudi, nikisimama saa nane kwa siku.

Kisha uchovu ukaja. Si ule wa kazi, ambao ukilala unaisha. Nililala nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Vifundo vya mikono vikaanza kuuma, halafu magoti, halafu nyonga. Zahanati walinitibu malaria, wakanitibu taifodi, wakarudia malaria. Mimi nikameza kila nilichopewa na kurudi darasani. Asubuhi moja nikiwa naandika hesabu ubaoni, chaki ilinidondoka, nikainama kuiokota, na magoti hayakuinuka tena. Nilikaa sakafuni mbele ya watoto sitini. Kwanza walicheka. Walipoona sisimami, wa mbele wakaja kunivuta mikono.

Daktari kijana wa zahanati alinigusa shingoni, akakuta tezi zimevimba bila kuuma. Akanitoa damu. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi mno, zikazidi tena waliporudia kipimo. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali Kampala. Safari ile ya basi sitaki kuikumbuka, Shangazi. Kila shimo la barabara lilipita kwenye nyonga yangu.

Kampala nilikutana na daktari mama mtu mzima, miwani ameiweka kichwani na anaitafuta mezani. Alinieleza polepole. Ni saratani ya damu, lakini ni aina inayokua taratibu sana.

"Dawa naanza lini?" nikamuuliza.

"Huanzi."

"Mnaniacha nife?"

Aliweka kalamu chini. "Sikuachi. Tutakuwa tunaiangalia. Kila baada ya miezi mitatu unapima damu. Ikikaa kimya, na sisi tunakaa kimya. Ikianza kukimbia, dawa zipo na tutaanza. Kuna watu wanaishi na hii miaka mingi, wanalea wajukuu, na hawajameza kidonge hata kimoja kwa ajili yake."

"Na maungo haya?"

"Hayo ni baridi yabisi, ugonjwa mwingine. Huo utapewa dawa. Uchovu unaweza kutoka kwa vyote viwili. Homa ikikupata, usikae nayo nyumbani. Ukiona unakonda bila sababu, au tezi zinakua, usingoje miezi mitatu."

Nikarudi Juba na ugonjwa mkubwa na mfuko mdogo wa dawa za viungo. Hujui, Shangazi, ilivyo vigumu kuwaeleza watu saratani isiyotibiwa. Jirani mmoja aliniangalia nywele, akaona zipo, akasema madaktari wamekosea. Mwingine alitaka nipelekwe kwa mtu wa mizizi. Kanisani waliniombea vizuri, lakini baada ya maombi wakaniuliza kama nimepona. Hata mimi mwenyewe kila asubuhi nilijipapasa shingo kabla sijafungua macho.

Mwalimu mkuu alikuwa mwema, akaniachia vipindi viwili tu vya asubuhi. Darasa la kinamama nililifunga. Niliwaambia nimepata shughuli nyingine. Huo ulikuwa uongo. Shughuli yenyewe ilikuwa kulala. Saa nane mchana nilikuwa nafunga mlango kwa komeo, navuta pazia, najilaza kimya nisisikike. Mtu akibisha, nazuia pumzi. Mwanamke mzima, nyumbani kwake, anajificha asionekane amelala! Na nilijua wazi nilikuwa namwogopa nani. Nilikuwa namwogopa msichana wa miaka kumi na minne, aliyesimama mlangoni na wenzake watatu.

Nisamehe, Shangazi. Nilikuwa sijui mwili ni nini. Uliamka ukatupikia chai na magoti yale. Sasa najua kila hatua kutoka kwenye lile godoro mpaka kwenye jiko ilikugharimu nini, na bado uliwaita wale wasichana "watoto" kwa upole. Hilo ndilo la aibu. Nimelisema.

Ushindi ulianza na Mama Rebeka. Alikuja mchana mmoja, akabisha, nikanyamaza. Akabisha tena.

"Mwalimu, wewe iko ndani. Ndala yako mimi naona hapa nje."

Nikafungua. Nilikuwa na shuka mabegani na uso wa mtu aliyekamatwa. Sikuwa na nguvu za kutunga uongo wa pili, nikamwambia yote: damu, Kampala, magoti, uchovu, na kwamba siwezi tena kusimama alasiri. Alisikiliza huku ameshika kiuno. Nilipomaliza, akauliza, "Mdomo inauma?"

"Nini?"

"Mdomo yako. Ugonjwa iko kwa mdomo?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nazo zilikuwa hazijawahi kuniuma kabla ya hapo.

Kesho yake walikuja wote tisa. Hawakuniomba ruhusa. Wawili walibeba kitanda changu cha kamba, ile angareb, wakakitoa nje na kukiweka chini ya rakuba. Mmoja akakipangia mito. Mwingine alikuja na ubao uliong'olewa kwenye mlango wa duka lililovunjwa, wakaupaka rangi nyeusi na kuufunga kwenye nguzo upande wa miguu yangu. Mama Rebeka akakunja mikono. "Lala," akasema. "Fundisha."

Siku ya kwanza ilikuwa mateso. Kila mtu akipita njiani nilikuwa nainuka kwa kiwiko na kujifanya natafuta kitu. Mpita njia mmoja, mzee mwenye baiskeli, alisimama akauliza, "Huyu mwalimu wenu mgonjwa?" Mama Rebeka akamjibu bila kugeuka, "Huyu mwalimu iko kazini." Mzee akaendelea na safari yake. Mimi nikaweka kichwa kwenye mto, na sikukiinua tena mpaka somo lilipokwisha.

Halafu, Shangazi, kikatokea kitu ambacho chuo cha ualimu hakikunifundisha. Kwa kuwa nilikuwa siwezi kushika chaki, ilibidi waishike wao. Zamani nilikuwa naandika, wao wananakili vichwa chini. Sasa mmoja anasimama ubaoni, mimi nataja neno, yeye analiandika, wanane wanabishana kama amekosea. Walibishana kama wako sokoni! Mama aliyekuwa hajawahi kufungua kinywa mwaka mzima, muuza samaki wakavu, siku moja alimpokonya mwenzake chaki na kusema, "Lete, hiyo 'b' imeangalia kwingine." Waliyojifunza kwa mwezi mmoja, zamani yalikuwa yanatuchukua mihula miwili.

Na mimi nikajifunza kuishi na mwili huu. Asubuhi naloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu, navikunja vidole kimoja kimoja. Natembea mpaka karibu na mto na kurudi, polepole, hata siku ambazo sitaki, maana nisipotembea magoti yanagoma zaidi. Dawa ya viungo naimeza baada ya kula. Mwanafunzi akiwa na kikohozi anakaa mbali, upande ambao upepo haumletei kikohozi mwalimu wake, maana damu yangu haipigani vizuri na magonjwa, na hakuna anayenuna. Siku mbaya nasema "leo ni mbaya", wanapunguza sauti. Nguvu nilizo nazo ni chache, lakini nimeacha kuzitumia kwa kujificha, na hapo nikashangaa kuona zinatosha.

Mwaka uliofuata, tukiwa tumeongeza hesabu na masomo mengine, walitaka kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wengine walisema ni ndoto. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga meza kwa chini, na kila mmoja alivaa nguo yake ya kanisani. Nilikaa nje ya ukumbi kwenye kiti cha plastiki siku zote za mtihani, kwa sababu walisema wakijua niko hapo hawatatetemeka. Siku ya mwisho nilikuwa hoi kiasi kwamba walinibeba na kiti changu mpaka kwenye gari.

Wanane walifaulu. Wanane! Malakia siku hiyo kulikuwa na vigelegele tangu kwa wauza nyanya mpaka kwa mafundi cherehani. Muuza samaki wakavu alipanda juu ya kreti na kusoma majina yote kwa sauti, akianza na lake. Yule wa tisa, aliyeanguka kwa hesabu, alilia kidogo, kisha akapangusa uso na kuniuliza tunaanza tena lini. Tulianza Jumatatu. Na darasa jipya lina wanawake kumi na watano, rakuba imebidi iongezwe.

Sijapona, Shangazi, na sitakudanganya. Leo asubuhi nimeshindwa kufunga kifungo cha gauni. Lakini wiki iliyopita ilikuwa zamu ya kupima damu, na nataka umalize kusoma ukiwa na picha hii.

Mama Rebeka alinisindikiza mpaka zahanati. Tulikaa kwenye benchi la maabara katikati ya watu wengi. Jina langu lilipoitwa alienda yeye kuchukua bahasha. Mimi kila mara nikiipata hiyo bahasha huigeuzageuza bila kuifungua. Akaniangalia. "Mimi nafungua?" Nikatikisa kichwa kukubali.

Alitoa karatasi. Akatoa na ile ya zamani kutoka kwenye mkoba wangu. Akazilaza zote mbili kwenye mapaja yake, akaweka kidole cha kushoto kwenye moja na cha kulia kwenye nyingine, vidole vyenye alama za kuungua kwa kikaango. Akaanza kusoma. Alisoma jina langu. Alisoma umri wangu, watu wakasikia. Akateremka mstari kwa mstari, akitamka herufi za yale maneno magumu moja moja, na mimi sikumharakisha. Alipofika kwenye chembe nyeupe alisimama, akalinganisha, akarudia kulinganisha.

"Mwalimu," akasema, "hii ya zamani na hii ya leo iko karibu sawa. Haijapanda. Imekaa pale pale."

Daktari alithibitisha baadaye, akasema sasa nije kila miezi sita. Lakini habari ile niliipata kwanza pale kwenye benchi, kutoka kwa mwanamke ambaye miaka mitatu iliyopita alikuwa anaweka dole gumba mahali pa jina lake. Nikamwambia aendelee. Akaendelea kusoma, kwa sauti, mpaka sahihi ya mtu wa maabara, mpaka maneno madogo kabisa ya mwisho wa ukurasa.

Pumzika vyema, Shangazi, huko Kitale uliko.

Mimi mtoto wa kaka yako, uliyenilea,
Keji