Komeo la Nje

Mwanangu na mkeo,

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa chumba changu nimeuegemeza ukutani, msiurudishe. Bisibisi yangu mkaiweke mlikoitoa.

Jana mlipofunga komeo kwa nje mliniambia ni la kuzuia upepo. Nikaenda kulala. Leo alfajiri nataka kwenda chooni, mlango haufunguki. Nimegonga, hakuna aliyeamka. Mmenifungia kama mbuzi. Mimi, seremala kwa miaka arobaini, kwenye mlango nilioutengeneza mwenyewe. Tena skrubu moja mmeipiga upande, aibu tupu. Na hamkukumbuka kwamba bawaba ziko ndani. Nimezitoa pini kwa mpini wa kijiko na kisigino cha kiatu, nikaung'oa mlango mzima.

Ndiyo, wiki jana nilipotea nikitoka kwa kinyozi. Sikatai. Na wewe ulipotea sokoni ukiwa na miaka sita. Nilikutafuta mpaka sauti ikanikauka. Kesho yake sikukufungia ndani. Nilikushika mkono, tukaenda tena sokoni.

Nimekwenda kwa kinyozi. ~~Asinifuate mtu.~~ Njoo unichukue saa sita.

Baba yako