Mstari Usioanzia Sifuri

Mjukuu wangu Rukia,

Assalamu alaikum. Huku Bondeni tu wazima, ila babu yako hatoki tena nje.

Umeniuliza kwa nini kwenye grafu mstari wa nauli moja huanzia sifuri na wa nyingine juu yake.

Nilipokuwa msichana, mama alizidiwa. Teksi moja ilitoza kwa maili tu. Ya pili ilitaka shilingi kumi kwanza, kisha kila maili kwa nusu ya bei ya ile ya kwanza. Hospitali ilikuwa mbali, kwa hiyo baba akachagua ya pili, akalipa zile kumi. Mama alikata roho tukimpakia.

"Mzee, chukua pesa zako," dereva alisema.

"Hapana. Ndivyo tulivyopatana."

Hatukwenda hata maili moja, Rukia, na tulikuwa tumeshalipa. Hapo ndipo mstari wa pili unapoanzia.

Mwombee mama yangu.

Bibi yako