Kelele za Baiskeli ya Mama Ekai

Jumapili jioni, Chechelesi. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria ya chai. Nimeinywa hivyo hivyo. Leo sina haki ya kulalamikia chochote.

Ni mimi niliyeharibu baiskeli ya mke wangu.

Mama Ekai aliinunua kwa jasho lake, akajifunza kuiendesha akiwa mtu mzima, huku mtaa mzima ukimcheka. Ndiyo humfikisha kila asubuhi kwenye kibanda chake cha chai kule Ngaremara, jerikeni ya maziwa ikiwa imefungwa nyuma. Majuzi ilianza kulia kidogo, kwi kwi, kama mlango mkavu. Nikamwambia aniachie mimi.

Nyumbani kulikuwa na oili chafu ya gari, ile tunayopaka nguzo za zizi la mbuzi ili mchwa wasizile. Ilikuwa imebaki kwenye mkebe. Nikaimimina kwenye cheni, nikaongeza, kisha nikavuta gurudumu la nyuma mpaka cheni ikakaza kabisa. Kelele ikaisha. Nilijiona fundi, hata nikapiga mluzi.

Siku chache tu, ikaanza kusaga. Krrr, krrr, na pedali zikawa nzito. Mama Ekai aliponieleza, sikuinuka hata kwenye kiti. Nilimwambia shida si baiskeli, shida ni miguu yake. "Unakanyaga ni kama unaponda simiti," nikasema. Majirani walikuwepo uani. Walicheka, na mimi nikacheka nao.

Yeye hakucheka.

Huko Ngaremara wakaanza kumwita Posho Mill, mashine ya kusaga unga, kwa sababu wanamsikia kabla hawajamwona. Hilo aliniambia mwenyewe, akijifanya halimuumi. Lakini mengine nimeyapata jana kwa jirani yetu Guyo, ambaye anatafuta baiskeli ya kubebea mitungi ya maji. "Baba Ekai, mama amesema nikuje kesho jioni nichukue hiyo baiskeli," akaniambia. "Anasema ameshindwana nayo. Hata mimi nikipita huko barabarani, siku hizi napata anaisukuma tu."

Anaisukuma. Na maziwa juu, na jua hili letu. Usingizi wangu ulikuwa wa kuokoteza.

Leo alipoenda kanisani niliipindua baiskeli uani, magurudumu juu. Nilichovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta taa nikaanza kusugua cheni. Kilichotoka kilikuwa uji mweusi uliojaa mchanga. Oili ile nzito ilikuwa imedaka vumbi lote la barabara na kulishikilia pale, na kila alipokanyaga, mchanga ulikuwa ukila meno ya gia. Na cheni niliyoikaza kwa maringo ilikuwa ikivutana na gurudumu. Ndiyo maana pedali zilikuwa nzito. Miguu yake haikuwa na kosa lolote.

Nikaifuta ikakauka. Nikalegeza nati, nikarudisha gurudumu mbele kidogo hadi cheni ikawa na ulegevu wa kucheza kwa kidole, nikakaza tena. Halafu mafuta ya cherehani, tone moja kila kiungo, na yaliyozidi nikayapangusa kwa kitambaa. Nikazungusha pedali kwa mkono. Kimya kabisa.

Sikupiga mluzi.

Aliporudi, kabla sijamweleza nilichofanya, nilimwomba aijaribu mara moja tu kabla Guyo hajaja. Akasitasita, akapanda, akaenda hadi kwenye kona na kurudi. Alishuka uso wote umefunguka. "Baba Ekai, kumbe ulisema ukweli. Leo nimekanyaga pole pole na haijasema kitu. Ni mimi nilikuwa naikanyaga vibaya." Papo hapo akamtumia Guyo ujumbe kwamba baiskeli haitoki.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Maneno nilikuwa nayo, yalikuwa yamefika mdomoni.

Nikasema, "Si nilikuambia?"

Naona aibu hata kuandika. Sasa hivi yuko jikoni anakanda unga wa chapati, anamsimulia jirani jinsi mume wake alivyomfundisha kukanyaga. Kesho atakwenda hadi Ngaremara akikanyaga kwa woga, upepo ukimpiga usoni, akiogopa kutumia nguvu zake mwenyewe. Na nguvu hizo ndizo zilizonifanya nimpende.

Ningeweza kumwambia leo chumbani, taa ikishazimwa. Ingekuwa rahisi. Lakini nilimcheka uani, watu wakisikia, kwa hiyo ni uani nitakakosema.

Nimeutoa mkebe wa oili zizini nikauegemeza kwenye gurudumu la mbele la baiskeli. Asubuhi hawezi kuondoka bila kuniuliza mkebe huo unafanya nini pale.