Hapa Hatuchimbi

Mujukuu wangu Mireille, jambo sana huko Lubumbashi. Mama yako anakohoa bado, lakini anakula.

Unauliza ni wapi baba yangu alikuwa anatupeleka Jumamosi kulala inje na gari, ili na wewe upeleke batoto. Ilikuwa kilima cha nyuma ya Kasulo, mtaa wetu, karibu na nyumba. Tulibeba unga, samaki na bashi ya kukinga mvua. Siku moja nikaanza kuchimba shimo la nguzo ya bashi. Baba, mutu wa mine, mwenye kuchimba mawe ya shaba, alinishika mukono: «Hapa hatuchimbi. Juma nzima nachimba.» Akafunga bashi kwa mulango wa gari, akalala kwenye majani kama mutu aliyepona.

Mujukuu, kilima kile sasa ni shimo, watu wa mine wamekichimba chote. Mukuje tu. Tutafunga bashi hapa mu lupango, mbele ya nyumba, na nitawaambia batoto: hapa hatuchimbi.

Nkambo wako,
Justine